Kaburi la Jamaa ya Krapf na Mwanzo wa Uchunguzi wa Kiswahili

Katika bara ya Mombasa, upande wa Kisauni na Nyali, ng'ambo ya mkono wa bahari unaokitenga kisiwa na nchi kavu, lipo kaburi ambalo wanafunzi wa historia ya Kiswahili hulisikia mapema sana katika masomo yao. Amezikwa humo Rosine Krapf, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Rosine Dietrich, pamoja na mtoto wake mchanga wa kike aliyeishi siku chache tu. Walikufa mwezi wa Julai mwaka 1844, yaani katika mwaka wa nane wa enzi ya Malkia Victoria. Mume aliyebaki ni Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya London, na ambaye baadaye alitunga sarufi na kamusi ya Kiswahili.

Kaburi hili limezoeleka kuitwa mwanzo. Wanahistoria wa Kanisa huliita mwanzo wa Ukristo mpya katika Afrika Mashariki, baada ya ule wa Wareno kutoweka. Wanahistoria wa lugha nao wamelifuata wazo hilo, na mara nyingi wameuhesabu uchunguzi wa Kiswahili tangu siku zile za huzuni. Nia ya makala haya ni kulichunguza dai hilo la pili. Hatukusudii kumpunguzia Krapf heshima anayostahili. Twakusudia kuonyesha kwamba kaburi hili, likisomwa vizuri pamoja na mambo yaliyotokea karibu nalo, latuambia habari nyingine iliyo kubwa kuliko ile tuliyoizoea.

Tuanze na jamaa yenyewe. Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, akatumwa Uhabeshi mwaka 1837. Mwaka huo ndio Victoria aliposhika ufalme wa Uingereza, na ndio Sayyid Said alipoutwaa mji wa Mombasa kutoka mikononi mwa Mazrui. Krapf alimwoa Rosine huko Misri mwaka 1842. Mume na mke wakajaribu kurudi Uhabeshi kwa njia ya Massawa, lakini njia ilifungwa mbele yao. Katika nyika ya Washoho Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake, na mtoto huyo hakuishi. Baba yake alimpa jina la Eneba, neno la Kiamhari ambalo maana yake ni chozi, kisha akamzika huko huko njiani, kwa kuwa wenyeji waliowaongoza hawakuweza kungoja.

Kwa hiyo kaburi la Mombasa ni la pili katika jamaa hii. La kwanza liko katika nyika ya pwani ya Bahari ya Shamu, na la tatu, la Krapf mwenyewe, liko Korntal katika Ujerumani, ambako alifariki mwezi wa Novemba mwaka 1881. Watu wa jamaa moja wamelala katika nchi tatu. Mtu aliyezoea desturi ya Ulaya ya wakati ule, ya kuwakusanya wafu wa jamaa chini ya jiwe moja katika uwanja wa kanisa, ataona mara moja jinsi mambo haya yalivyokuwa mageni. Mombasa hapakuwa na kanisa wala uwanja wake. Hapakuwa hata na mmisionari mwingine wa kumsaidia Krapf kumzika mkewe, kwani mwenzake wa kwanza, Johannes Rebmann, alifika mwezi wa Juni mwaka 1846, karibu miaka miwili baadaye.

Mahali pa kaburi palichaguliwa kwa makusudi. Rosine mwenyewe alitaka azikwe bara, katika nchi ya watu ambao Krapf aliwaita Wanyika na ambao leo huitwa Mijikenda, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao njiani kazi iliyowaleta huko. Krapf alikuwa hoi kwa homa, hata nguvu za kuinuka kitandani na kuhakikisha kwamba mkewe amekata roho zilikuwa chache. Baada ya msiba aliwaandikia wakuu wake London kwamba sasa Chama kina kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba hiyo ni ishara kuwa kazi imeanza. Barua hiyo ilisomwa sana katika Uingereza, na ndiyo iliyolifanya kaburi kuwa mwanzo. Kaburi la mama na mtoto likageuka kuwa hoja.

Ugeni wa kaburi hili huonekana zaidi tukilitazama kati ya makaburi ya jirani zake. Waswahili wa pwani kwa karne nyingi waliwajengea wakubwa wao makaburi ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengine yenye kuta zilizochorwa nakshi, mengine yenye nguzo ndefu na vyombo vya Kichina vilivyopachikwa ndani ya chokaa. Mifano yake yaonekana Gede na Malindi, na kusini Kunduchi na Kaole. Wagiriama na jamaa zao wa bara waliwakumbuka wazee wa chama cha Gohu kwa vigango, nguzo za mti zilizochongwa mfano wa mtu. Nguzo hizo hazikuwa alama ya mahali maiti alipolala. Zilisimamishwa ili roho ya marehemu ipate makao na heshima. Kati ya desturi hizi mbili likawekwa kaburi la Kikristo la mwanamke wa Ulaya, nje ya mji wa Waislamu na katika ardhi ya watu wasiokuwa Waislamu. Halikuwa kaburi la mji, wala halikuwa la kaya.

Msiba ni mwalimu mkali wa lugha. Mtu aliye mgeni anaweza kununua samaki kwa kuashiria kwa kidole, lakini hawezi kuzika kwa ishara. Hatuna budi kudhani kwamba katika juma lile la Julai Krapf alisikia, na labda akalazimika kutamka, maneno ambayo mwanafunzi wa lugha kwa kawaida huyafikia baadaye. Tukiyatazama maneno hayo leo twaona ndani yake umbo zima la historia ya Kiswahili. Vitendo vyenyewe ni vya Kibantu tangu asili: kufa, kuzika, kulia. Kuzika ni okuziika katika Kiganda na gũthika katika Kikuyu. Kufa ni okufa kwa Waganda na gũkua kwa Wakikuyu. Lakini vitu na taratibu zinazouzunguka mwili vimetwaa majina ya Kiarabu: kaburi, maiti, jeneza, hitima. Neno ziara, ambalo sasa kwa wengi ni safari ya kutembelea tu, lilikuwa pia jina la kaburi linalozuriwa. Na katikati ya maneno haya ya kigeni yamesalia ya kienyeji: mava, yaani mahali pa kuzikia, na mwanandani, ule mfuo wa ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti. Lugha yenye tabaka namna hii si lugha iliyokuwa ikingoja kuanzishwa na mtu.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Krapf alifika Unguja mwezi wa Januari mwaka 1844, akapokewa vizuri na Sayyid Said, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Akahamia Mombasa mwezi wa Mei. Tarehe 8 Juni, majuma matano tu kabla ya msiba, alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mtu hawezi kutafsiri Mwanzo baada ya kukaa mjini mwezi mmoja. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu alikuwa na msaidizi, naye ni kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidini. Krapf mwenyewe alimtaja katika habari zake. Ni jambo la kutafakari kwamba tafsiri ya kwanza ya Maandiko ya Kikristo katika Kiswahili tunayoijua ilipita katika kinywa cha mwanachuoni Mwislamu, aliyekaa na mgeni huyo na kumpa maneno ya kuumbwa kwa mbingu na nchi.

Kwa kadhi habari zenyewe hazikuwa ngeni. Adamu, Nuhu na Ibrahimu aliwajua tangu utoto. Alikuwa na maneno tayari kwa ajili yao, na maneno hayo yalikuwa yamekwisha kupimwa katika mahubiri, katika hukumu na katika tenzi. Mfasiri aliyefika katika lugha isiyokuwa na neno la malaika, la dhambi, la nabii au la roho, hutumia miaka mingi kuyatafuta. Krapf aliyakuta yote mezani. Yaliyomchukua muda ni kuyaandika kwa herufi za Kirumi, ambazo aliziona zafaa kuliko za Kiarabu, na kuyapanga kwa njia ya sarufi ya Ulaya. Huo ni mchango mkubwa, lakini ni mchango wa namna fulani. Si kuanzisha elimu ya lugha, bali ni kuifungulia elimu iliyopo mlango mwingine.

Tukumbuke pia hali ya Mombasa yenyewe. Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake ya Kimvita yalikuwa yakisemwa katika kila baraza la mji, alikuwa amefariki kiasi cha miaka minne tu kabla ya Krapf kushuka chomboni. Watu waliojibizana naye walikuwa hai. Mjini mlikuwa na watu waliojua kupima mizani, kutofautisha lahaja, na kubishana juu ya neno la zamani na maana yake. Krapf aliufahamu utajiri huo kwa kiasi fulani, kwani mwaka 1854 aliipeleka nakala ya mwandiko wa Utenzi wa Tambuka katika maktaba ya chama cha Wajerumani cha elimu ya Mashariki, huko Halle. Kwa tendo hilo moja alikiri kwamba elimu ya Kiswahili ilikuwa na maandishi yake kabla yake.

Yaliyofuata yajulikana na wengi. Sura za kwanza za tafsiri ile zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la American Oriental Society. Mwaka 1850 ilitoka sarufi fupi iliyochapishwa Tübingen, na mwaka huo huo orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Kamusi kubwa ilichapishwa London mwaka 1882, miezi michache baada ya mwandishi wake kufa. Karibu na kaburi, mwaka 1875, likaanzishwa kao la Freretown kwa ajili ya watu waliookolewa katika biashara ya utumwa, na hivyo kaburi lililokuwa peke yake likapata mji. Katika mji huo na majirani zake Kiswahili kilipata wasemaji waliokusanywa kutoka makabila mengi, ambao kwao lugha hii ilikuwa kiungo cha kwanza cha maisha mapya.

Hata hivyo Kimvita alichojifunza Krapf hakikuwa ndicho kilichoshinda. Edward Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha Kiunguja mwaka 1870, na mkutano wa mwaka 1928 uliokusanyika Mombasa yenyewe ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kwa hiyo kazi iliyoanzwa kando ya kaburi lile haikuwa mzizi wa lugha sanifu tunayoiandika leo. Thamani yake imekuwa nyingine: imetuhifadhia maneno na matumizi ya Kimvita cha katikati ya karne ya kumi na tisa, kama walivyoyatumia watu wa Mombasa wa wakati huo. Kila tukiifungua kamusi ya mwaka 1882 twasikia sauti za watu hao, wala si sauti ya Krapf.

Mtindo huu wa mgeni kupewa jina na mwalimu kubaki kivulini haukuisha kwa Krapf. W. E. Taylor, mmisionari mwingine wa chama hicho hicho, alikusanya mashairi ya Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, na diwani ikachapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens. Sikujua amebahatika kutajwa mara nyingi kuliko Sheikh Ali. Hata hivyo, ni wanafunzi wangapi wanaoweza kueleza kazi yake? Jalada la kitabu limekuwa kama jiwe la kaburi: huandikwa jina moja, na watu waliobeba jeneza hawaandikwi.

Baada ya kuitazama pwani, hatuna budi kuigeukia bara, kwa kuwa hoja ya kaburi lile ilikuwa juu ya bara. Krapf aliamini kwamba kazi itasonga mbele kutoka kaburi hadi kaburi. Kwa upande wa makaburi ya wageni, maneno yake yalitimia. Katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Dr. Joseph Mullens, katibu wa London Missionary Society, alikufa mwezi wa Julai mwaka 1879 akiwa safarini kwenda Ujiji, akazikwa Mpwapwa. Msafara ukiondoka Mpwapwa uliingia Ugogo, ukavuka mbuga ya Bahi, kisha ukapanda ukingo wa Bonde la Ufa. Juu ya ukingo huo ndipo palipo Kilimatinde, mahali ambapo Wajerumani walijenga boma katika miaka ya 1890, na ambapo misheni ya Kianglikana iliweka hospitali yake katika karne iliyofuata. Mtu akiichora ramani kwa mawe ya makaburi ya wageni, ataona mstari ulionyooka kutoka pwani kuingia ndani ya nchi, na aweza kudhani kwamba Kiswahili nacho kilipita katika mstari huo kwa miguu ya wamisionari.

Lakini lugha ilikuwa imetangulia. Ushahidi wake uko katika majina na maneno ya njia yenyewe. Nyika kavu iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo iliandikwa na wasafiri kwa jina la Marenga Mkali. Sehemu ya kwanza ni neno la Kigogo, malenga, yaani maji. Sehemu ya pili ni ya Kiswahili. Jina la namna hiyo haliwezi kutungwa na mzungu aliyepita mara moja. Latungwa na watu wa lugha mbili waliokutana kisimani mwaka baada ya mwaka, wakahitaji kuelewana juu ya maji yasiyonyweka.

Neno hongo nalo ni shahidi. Watemi wa Ugogo walitoza kila msafara hongo kabla ya kuuruhusu upite na kuteka maji. Burton mwaka 1858 na Stanley mwaka 1871 walilalamika sana juu ya malipo hayo katika vitabu vyao. Kwa mtemi, hongo ilikuwa haki yake, kama ushuru wa forodhani ulivyo haki ya mwenye bandari. Leo neno hilo limeshuka daraja. Katika Kiswahili cha mahakama na magazeti ni mali itolewayo ili kupotosha haki. Aliyeligeuza maana hakuwa mtemi aliyepokea, bali ni upande wa waliolipa. Walioeneza maneno ya namna hii, pamoja na mpagazi, kirangozi, kambi na posho, ni wapagazi wa Kinyamwezi na waungwana wa pwani waliopanda na kushuka ukingo wa Kilimatinde wakiwa na mizigo mabegani. Wengi wao walikufa njiani kwa ndui, kwa njaa na kwa kiu. Hakuna jiwe hata moja lililowekwa kuwa ishara ya kazi yao. Lakini Wajerumani walipofika na kuamua kutawala kwa Kiswahili, waliikuta kazi hiyo imekwisha kufanywa.

Twaweza sasa kulirudia kaburi la Kisauni na kulisoma upya. Hapana shaka kwamba ni kaburi la kuheshimiwa. Rosine Krapf alikufa mbali na kwao, akiwa na umri mdogo, baada ya kuzika mtoto mmoja njiani, akimwacha mwingine kifuani kwa siku chache tu. Yeye hakuandika kamusi wala sarufi. Katika vitabu vya historia ya lugha hutajwa kwa sentensi moja, kama sehemu ya maisha ya mumewe. Walakini alishiriki gharama ya kazi ile kuliko mtu mwingine yeyote, na yampasa kukumbukwa kwa jina lake mwenyewe.

Lakini kaburi hili si mwanzo wa uchunguzi wa Kiswahili. Ni alama ya mahali ambapo elimu mbili zilikutana: ile ya kadhi na washairi wa Mombasa, iliyokuwa na karne nyingi nyuma yake, na ile ya sarufi na kamusi za Ulaya, iliyokuwa na kiwanda cha uchapaji mbele yake. Ya pili ilipata majalada, na kwa hiyo ikahesabiwa kuwa ya kwanza. Kosa hilo si dogo, kwa sababu mwanafunzi anayefundishwa kwamba lugha yake ilianza kuchunguzwa siku mgeni alipoishika kalamu, huzoea pia kungoja mgeni mwingine amwambie hatima yake.

Yafaa basi, tunapofundisha historia ya taaluma yetu, tuanze na ile meza ya mwezi wa Juni 1844, kabla hatujafika kwenye kaburi la Julai. Pale mezani walikaa watu wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akiuliza. Jina la mwulizaji twalijua vizuri. Jina la aliyejibu, Sheikh Ali bin Muhidini, kadhi wa Mombasa, lastahili kuandikwa katika ukurasa huo huo, na kwa herufi za ukubwa ule ule.